Pazia la Gari la Bibi Harusi

Naona bora niseme mwenyewe, maana nimechoka. Watanzania wa hapa Texas, wa Euless na Arlington, na hata wa Houston ambao siku ile hawakuwepo kabisa, wamekuwa wakisimulia mkasa huu mbele yangu, mimi nikiwa nimeshika sahani yangu ya wali, kama vile sipo, na kila mmoja anaongeza chumvi yake, huyu anasema gari lililipuka, yule anasema bibi harusi alikimbia peku katikati ya barabara kuu, na mimi nacheka nao tu kwa sababu mtu wa miaka hamsini na mbili akinuna kwenye sherehe ya watu ndiyo anazidi kuonekana mjinga. Aibu ni yangu, nimeikubali, lakini angalau isimuliwe ilivyokuwa.

Nikiwa darasa la tano, Morogoro, kulikuwa na mama aliyeuza maandazi nje ya shule, na maandazi yake aliyafunga kwenye kurasa za magazeti ya nje (sijui aliyapata wapi, labda kwa mapadre). Siku moja langu likaja limefungwa kwenye picha ya gari la Kimarekani, jekundu, milango miwili, boneti ndefu kuliko kitanda changu. Sikujua jina lake wala bei yake wala kwamba lilikuwa limeshazeeka tayari wakati mimi nalitolea macho. Nikaibandika ile picha ndani ya mfuniko wa sanduku langu la bati, nikaenda nayo bwenini sekondari ikiwa na doa la mafuta kwenye tairi la nyuma. Baadaye nikaja Marekani, nikaingia kwenye ghala karibu na uwanja wa ndege, nikaendesha foklifti miaka nenda miaka rudi, zamu ya alfajiri, mgongo ukaisha, magoti yakafuata, na muda wote huo kila nilipokuwa nashusha mzigo nilijiambia siku moja, siku moja.

Siku yenyewe ikaja mwaka jana. Mzee mmoja wa Kizungu huko Houston alikuwa analiuza, magoti yake yamekataa klachi, na mimi nikapanda basi, nikalala kwa rafiki yangu mtaa wa Sharpstown, asubuhi nikaenda kulichukua. Jekundu vilevile. Nilikaa kwenye usukani nikalia, na mzee yule kwa heshima akageuka akajifanya anakagua tairi. Kisha akanizungusha gari zima kama anayeniachia mtoto wake, na alipofika mbele akaweka kiganja kwenye matundu ya hewa akaniambia gari hili linapumulia hapa, rejeta iko nyuma ya haya matundu, ni ya zamani, na katika joto la Texas usithubutu kuliziba pua. Nikaitikia yes sir, yes sir. Nililisikia vizuri kabisa, hilo mlijue tangu sasa, kwa hiyo siwezi kusema sikuambiwa.

Sasa harusi. Neema ni mtoto wa marehemu kaka yangu. Kaka alifariki Neema akiwa darasa la pili, na kwetu baba mdogo ni baba, hakuna mjadala. Alipokuja kusoma unesi alikaa kwangu miaka minne, nilimfundisha kuendesha gari kwenye maegesho ya kanisa, akavunja kioo kimoja cha pembeni, nikaweka kingine. Alipopata mchumba alikuja jikoni, akasimama kando ya friji, akasema, "Ba'mdogo, wewe ndiye utaniingiza kanisani. Sitaki mtu mwingine." Nikamwambia nipishe nichukue maji, kwa sababu sikutaka aone uso wangu.

Kanisa lilikuwa Mansfield, Misa saa saba kamili. Katibu wa parokia alisema mapema, kwa upole lakini bila kucheka, kwamba saa tisa kuna harusi nyingine, kwa hiyo bibi harusi akichelewa zaidi ya dakika ishirini hakuna Misa, mtafungishwa ndoa kwa kifupi na kutoka. Mama Neema, yaani shemeji yangu, alikuwa ndiyo kwanza amefika kutoka Morogoro baada ya kunyimwa viza mara mbili, na alikuwa anasema kitu kimoja tu kila siku, kwamba anataka kupokea komunyo pamoja na mwanawe siku ya ndoa yake, basi, hayo mengine ya keki na ukumbi ni yenu.

Kwenye kikao cha kamati ya harusi, sebuleni kwangu, walikuwa wanajadili gari refu jeupe la kukodi, na hapo ndipo mdomo wangu ukafunguka. Nikasema acheni kukodi, Neema atapanda gari langu. Mke wangu, Mama Kelvin, akaniangalia, akasema mbele za watu, "Baba Kelvin, gari lako halina hata AC." Nikamjibu kwamba bibi harusi anahitaji maua, AC atapata kanisani. Kamati ikapiga makofi. Mke wangu hakupiga.

Asubuhi ya harusi nikaliosha gari mpaka majirani wakatoka kuangalia, na Mama Neema akashuka ngazi za ghorofani na mfuko. Akatoa kitambaa cha lesi, cheupe, kimeshonewa maua ya pinki na majani ya kijani na utepe mrefu kila kona. Kina mama wa jumuiya yake Morogoro, ambao ndio waliomsaidia kumlea Neema baba yake alipofariki, walikuwa wamekaa Jumamosi tatu kukishona, pazia la kuvika gari la bibi harusi mbele (mnajua kwetu gari la maharusi likienda uchi watu wanauliza kama mmefiwa). Hawakuwa na vipimo vya gari, kwa hiyo walishona kubwa, wasije wakapungukiwa. Mama Neema akakifunga mwenyewe, akikaza tepe kwenye vioo vya pembeni, chini ya bampa, kwenye bawaba za boneti, mafundo juu ya mafundo, na alipomaliza gari halikuwa na uso. Matundu yote yalikuwa yamefunikwa kwa lesi iliyokunjwa mara mbili.

Akarudi nyuma hatua mbili, akafuta macho kwa upande wa kanga, akaniuliza, "Shemeji, imependeza?"

Ilikuwa ni kusema maneno machache tu. Shemeji, mbele gari linapumua, tukifunge nyuma. Lakini nilimwangalia yule mama, viza mara mbili, safari ya siku mbili, kitambaa amekibeba kwenye begi la mkononi asije akakipoteza, na nikasema, "Imependeza sana, Mama Neema." Nikajiambia ni safari ya nusu saa tu, na kwenye barabara kuu upepo utapenya.

Upepo haukupata nafasi. Mpiga video alikuwa Mrundi mmoja, Évariste, kijana mchapakazi sana, na Évariste akasema, "Baba, wengine watangulie wakae kanisani, wewe uende polepole kwa barabara ya pembeni, nipate picha ya bibi harusi peke yake." Basi mke wangu na wasimamizi na msafara wote wakatangulia, na mimi nikashuka kwenye ile barabara ya pembeni ya barabara kuu ya 360, mwendo wa maiti, Neema kando yangu na shela imejaa mpaka kwenye gea, Mama Neema nyuma, Évariste mbele na gari lake dogo, viti vyote vimejaa vyombo vyake vya video, kamera imewekwa dirisha la nyuma inatuangalia. Taa nyekundu, tunasimama. Taa ya kijani, tunatambaa. Watu wanapiga honi kwa furaha na mimi nawapungia mkono kama mheshimiwa, na ninaomba Mungu anisamehe, zile dakika kumi nilikuwa na raha ambayo sijawahi kuwa nayo maishani.

Kisha nikaona mshale wa joto umesogea.

Ukasogea tena. Najua gari, jamani, si kwamba sijui. Najua kwamba likianza kuchemka unaweza kuwasha hita ikavuta joto kutoka kwenye injini ikalileta ndani, na hiyo ndiyo njia niliyochagua badala ya kusimama na kufungua kitambaa, kwa sababu kusimama kungekuwa ni kukiri. Nikawasha hita. Mwezi wa saba, Texas, saa sita na robo mchana, nikampulizia bibi harusi hita.

"Ba'mdogo, why is it hot?" Neema akauliza.

"Magari ya zamani ndivyo yalivyo," nikasema.

"No, like, kuna upepo wa moto unatoka hapa chini."

"Ni kawaida. Tulia tu, tunakaribia."

Akatulia (ndivyo alivyo, tangu mdogo hakubishana nami), huku vipodozi vyake vikishuka taratibu kuelekea kidevuni, na nyuma mama yake akianza rozari kwa sauti ya chini. Mshale ukagusa mwisho. Tulikuwa tumeshaingia Mansfield, njia panda kubwa yenye maduka kila upande, nikasimama kwenye taa, injini ikakohoa, ikazimika, na mvuke ukatoka mbele kupitia lesi, mweupe, mwingi, kisha maji ya rejeta yakaruka, ya kijani yaliyochanganyika na kutu, yakalowesha maua yote ya kina mama wa Morogoro.

Nikatoka mbio kufungua boneti ipoe, na haikufunguka, kwa kuwa ilikuwa imefungwa na yale mafundo. Mama Neema akatoka naye, akapiga magoti mbele ya gari, akaanza kufungua mafundo moja moja kwa kucha, taratibu, ili asichane. Mvuke unampiga usoni. Na mimi nimesimama na kisu cha mfukoni, nimekifungua, sithubutu kusema nikate. Neema ndiye aliyefungua mlango, akasimama na gauni lake lote kwenye lami, akasema, "Mama, mwache akate." Mama yake akasimama, akageukia upande wa pili. Nikakata.

Watu wakaanza kusimama, na hii ndiyo sehemu iliyonichosha kuliko zote, hawakusimama kwa ajili ya bibi harusi. Walisimama kwa ajili ya gari. Jamaa mmoja wa kofia pana akashuka kwenye pikapu lake akaniuliza la mwaka gani, injini ni ile ya asili, na kama naliuza. Mwingine akaleta galoni ya maji, nikamshukuru, akaanza kunihadithia la baba yake lililofanana nalo. Bibi harusi wangu amesimama juani, hakuna aliyemuuliza hali. Nikampigia mke wangu, akasema wote wameshaketi, anaanza kutafuta mtu wa kurudi kutuchukua, saa sita na dakika hamsini.

Polisi akaja, kijana mpole, akawasha taa zake akaelekeza magari. Na nyuma yake tukaona gari jeupe la mizigo likipunguza mwendo, dirisha likashuka, alikuwa Mama Aisha wa Tanga, mpishi wetu, anayepeleka pilau ukumbini, naye alikuwa amechelewa saa nzima (kamati ilikuwa imeshamsema kwenye simu mara nne).

"Panda mwanangu," akamwambia Neema. "Pilau halimchafui mtu."

Kwenye kiti cha mbele kulikuwa na keki. Tukaihamisha, Neema akaingia mbele na gauni likajaa mpaka kwenye kioo, Mama Neema akapanda nyuma kati ya masufuria, akakaa juu ya kasha la barafu, keki mapajani. Kukabaki nafasi ya mtu mmoja sakafuni, kando ya sufuria la nyama. Évariste alikuwa ameshuka na kamera begani, anachukua kila kitu.

"Ba'mdogo, twende," Neema akasema.

Polisi akaniambia kitu, nikamjibu. Kisha nikasogea dirishani nikawaambia kwamba dereva haruhusiwi kuacha gari barabarani, lazima nisubiri gari la kuvuta lifike, tangulieni, nitawakuta kabla hamjaanza. Neema akaniangalia. Akasema "Okay." Mama Aisha akakanyaga mafuta.

Walifika dakika kumi na nane baada ya saa saba, Misa ikafanyika, na aliyemwingiza Neema kanisani ni mama yake, akiwa na doa la kijani kwenye gauni. Mke wangu alinipigia video nione, nikawa nimesimama kando ya barabara, kitambaa kilicholowa nimekitundika begani, naangalia kwenye simu mtoto wa kaka yangu anatembea kwa mbali, kadogo, halafu jua likaichemsha simu nayo ikazimika. Gari la kuvuta lilikuja baada ya saa moja na nusu. Ukumbini nilifika MC ameshamaliza utambulisho wa wazazi. Kila mtu akanipa pole, polisi wa huku jamani, hawana utu, na mimi nikazipokea pole zote, nikala pilau.

Hapa ndipo wengi wanapomalizia mkasa na kucheka. Ungeishia hapo ningecheka nao kwa roho safi.

Wiki tatu baadaye Neema na mumewe wakatualika kwao Mansfield kuangalia video ya harusi. Mnatujua, watu wetu hawataki video iliyokatwakatwa, wanataka yote, kila aliyekula na kila aliyecheza aonekane, na Évariste kwa kujua hilo alikuwa ameleta nzima bila kupunguza hata dakika. Sebule imejaa, watu kama ishirini, Mama Neema kwenye kochi katikati, watoto sakafuni. Ikafika njia panda, watu wakaanza kucheka mvuke, wakacheka kofia pana, wakamcheka Mama Aisha na keki, na mimi nikacheka. Kamera ikageuka kunitafuta. Nikasikia sauti ya polisi, wazi kabisa, kama yuko chumbani, "Sir, go with your family. I'll stay here till the tow truck comes. You can pick it up Monday."

Na sauti yangu ikajibu, haraka, bila hata kufikiri, "No, no. I stay with my car."

Mtoto mmoja akauliza, "But you said he didn't let you." Mama yake akamfinya.

Nitawaambia nilichokuwa nawaza, ingawa hakisaidii. Niliona minyororo. Niliwaza wataliburuza, watalikwaruza bampa, watalilaza Jumamosi na Jumapili kwenye uwanja wa magari mabovu na watu nisiowajua, na nikasema nitawahi, Misa huwa inachelewa kuanza. Ni sekunde mbili. Katika sekunde mbili hizo sikumkumbuka Neema hata kidogo, na hilo ndilo ninaloliona usiku na mchana.

Mume wa Neema akasogeza video mbele, kwa wema, tukajikuta tuko kanisani, mama na binti wanaingia. Hakuna aliyecheka tena. Mama Neema, ambaye Kiingereza chake ni kidogo, akamuuliza binti yake polepole polisi alisema nini, na Neema akamtafsiria, kwamba alimwambia aende na sisi, gari angelilinda yeye, na ba'mdogo akakataa. Yule mama akanigeukia, akaniuliza mimi, si kwa hasira, ningependelea hasira, "Na gari kuchemka, ilikuwa ni kile kitambaa?"

Nikasema ndiyo.

"Ulijua?"

Nikasema nilijua.

"Ungeniambia, shemeji. Ningekifunga nyuma."

Tulipokuwa tunaaga, Neema alinisindikiza mpaka mlangoni kama kawaida, akanipa bakuli la chakula cha kubeba, kwani ana adabu na amelelewa vizuri, na si mimi tu niliyemlea. Nikajaribu kusema kitu kuhusu polisi, sijui nilitaka kusema nini. Akanikatiza, kwa Kiswahili kitupu, yeye ambaye hata kuomba chumvi anachanganya, akasema, "Ungekuja tu, ba'mdogo. Nafasi ilikuwepo."

Gari ninalo bado. Limepona, limewekewa rejeta mpya, liko chini ya turubai kwenye maegesho ya apatimenti, na wanaume wakija nyumbani wanaomba nilifunue, nawaambia turubai limefungwa vibaya. Nimeapa halitabeba bibi harusi tena wala kuvikwa kitu chochote mbele, hilo limeshakuwa utani wa kamati na kila mtu analijua. Kiapo changu hasa ni kingine, nacho sijakisema mpaka leo: siku Neema atakaponiita tena, hata kama ni kumshikia ngazi abadilishe balbu, nitaacha chochote nilichoshika, pale pale nilipo, niende.

Bado hajaita.